Mota Ikiungua, Ifunguliwe Kabla ya Kukata Mshahara



Mara hii hatuzungumzii nyongeza ya mishahara wala saa za kazi. Tunazungumzia mashine ya kukatia nyasi. Huenda msomaji wa kiwandani au wa shamba la chai akasema, "Hayo ni mambo ya watunza bustani wa mahotelini, mimi yananihusu nini?" Tunamwomba asome mpaka mwisho. Mota ya mashine ya nyasi na mota ya feni ya kunyaushia chai ni ndugu wa tumbo moja. Na lawama inayomwangukia mtunza bustani siku mota inapokufa ndiyo ile ile inayotuangukia sisi sote tunaofanya kazi na umeme.

Mji wetu wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, una bustani nyingi kando ya Ziwa Kivu: za mahoteli, za nyumba za wageni na za majumba ya watu wenye uwezo. Mvua kwetu ni nyingi, na nyasi hazingoji mtu. Zamani zilifyekwa kwa panga. Siku hizi mahali pengi hukatwa kwa mashine ya umeme inayoburuta waya mrefu nyuma yake, ambayo wengi wetu tunaiita tondezi.

Mwenzetu mmoja anafanya kazi katika bustani ya namna hiyo. Hatutaji mahali, kwa maana nia yetu si kumwaibisha mtu bali kusahihisha jambo. Asubuhi moja ya masika aliwasha mashine. Ikanguruma bila kuzunguka. Akajaribu tena. Ikanguruma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Akaenda kutoa taarifa kwa msimamizi, kama ilivyo wajibu wake. Msimamizi hakuchukua bisibisi. Aliinama, akanusa, akasema: "Umeichoma." Mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa. Mwezi wa pili ukakatwa, na wa tatu pia, naye akaambiwa kwamba utaendelea kukatwa mpaka bei ya mashine nzima itimie.

Mashine yenyewe ilitupwa stoo. Siku moja mwenzetu mwingine, fundi umeme wa hapo hapo, aliomba ruhusa ya kuifungua. Akakuta koili za mota ni safi, shaba inang'aa chini ya vanishi yake. Kilichokufa kilikuwa kapasita, kidude kinachotosha kwenye kiganja cha mkono, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Kapasita ikabadilishwa, mashine ikazunguka, nyasi zikakatwa. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Pesa za mwenzetu zilichukua muda mrefu zaidi kurudi, na hazingerudi kamwe kama wawakilishi wa wafanyakazi wasingesimama kidete.

Kutokana na hayo msimamo wetu ni huu: usikatwe mshahara wa mtu kwa ajili ya mota ambayo haijafunguliwa. Na kwa upande wetu wafanyakazi, tujifunze kusoma mota iliyokufa, kwa sababu asiyejua kusoma ushahidi hawezi kujitetea kwa ushahidi.

MOTA HAIFI BURE

Wako wanaosema kwamba mota "imekufa tu", kana kwamba ni kudra. Wengine husema kwamba mota "imechomwa", kana kwamba kila mota inayonuka imeuawa na mtu. Kauli zote mbili ni za uvivu. Mota hufa kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo huacha alama yake ndani.

Ndani ya mota mna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana na kupakwa vanishi ili uzi usigusane na uzi. Umeme ukipita, shaba hupata joto. Joto la kadiri si tatizo. Likizidi, vanishi hukauka, hupasuka na kugeuka mkaa, na nyuzi zikigusana moshi hutoka. Mafundi wana kanuni ya zamani: kila joto la koili linapozidi kiwango chake kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa vanishi hupungua kwa nusu. Mota iliyopaswa kufanya kazi miaka kumi, ikizidishiwa joto kwa nyuzi 10 daima, itafanya kazi mitano. Ikizidishiwa 20, miwili na nusu.

Basi mota inayotoa moshi leo huenda iliuawa kidogo kidogo tangu mwaka jana. Aliyeishika siku ya mwisho si lazima awe ndiye aliyeiua.

DALILI NA MAANA YAKE

Kabla ya jambo lolote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Kisu cha tondezi hakijui kama mkono ni wa fundi au wa mwanafunzi. Pia kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo asiyefunzwa asiiguse. Baada ya hapo, angalia dalili.

Kwanza, mashine iko kimya kabisa. Hainguruma wala haitikisiki. Hapo usianze kulaumu mota. Anza ukutani: umeme upo? Fyuzi ni nzima? Waya haukukatwa na kisu chenyewe, jambo linalotokea mara nyingi? Mpini wa usalama unaobanwa na mkono unafikisha umeme? Mota nyingi zina swichi ndogo ya joto inayokata umeme mota inapopata moto mno. Iache ipoe, kisha ujaribu. Na kama mota ni ya aina yenye kaboni, yaani vile vipande vyeusi vinavyosuguana na shaba ya mviringo inayozunguka, angalia kama vimekwisha. Kaboni imetengenezwa ili ilike, kama vile sabuni ilivyotengenezwa ili iishe. Kuisha kwake si kosa la mtu.

Pili, mashine inanguruma lakini haizunguki. Ukiwa umechomoa plagi na kuvaa glavu nene, zungusha kisu kwa mkono. Kikiwa kigumu, huenda nyasi zimesokota chini ya kisu, au beringi imekwama. Kikizunguka kwa wepesi, na mota ni ya aina isiyo na kaboni, mshuku kapasita kwanza. Hayo ndiyo yaliyompata mwenzetu. Lakini ukisikia mngurumo huo, achia swichi mara moja. Mota iliyosimama na huku inapewa umeme hupata joto upesi mno, kwa maana inavuta umeme mwingi na haina upepo wa kuipoza.

Tatu, mashine inafanya kazi dakika chache, inazima, inapoa, inawaka tena. Hapo swichi ya joto inatimiza kazi yake. Mota inalemewa. Tafuta mzigo: kisu kilichokuwa butu, nyasi ndefu zilizolowa, matundu ya hewa yaliyozibwa na takataka, au waya mwembamba. Anayeiwasha tena na tena bila kutafuta mzigo huo anaisindikiza mota kaburini.

Nne, cheche. Katika mota ya kaboni, vicheche vidogo vya buluu ni vya kawaida. Lakini moto ukizunguka shaba yote kama pete, zima. Huenda kaboni zimekwisha, au shaba imechafuka, au koili inayozunguka ina kasoro.

Tano, harufu kali ya vanishi na moshi. Hapo ndipo inafaa kushuku kwamba koili zimeungua. Lakini hata hapo kazi ya uchunguzi haijaisha, bali ndiyo inaanza. Koili zikiwa zimegeuka nyeusi zote kwa usawa, hiyo kwa kawaida ni alama ya mzigo mzito au umeme hafifu wa muda mrefu. Zikiwa safi isipokuwa mahali pamoja padogo palipotoboka na kuyeyuka, hiyo ni alama ya vanishi iliyoharibika pale pale, kwa kukwaruzwa, kwa maji, au kwa kasoro ya kiwandani ilikotoka. Mtu akikuonyesha mota ya namna hii ya pili na kusema "umeilazimisha", mwonyeshe doa hilo moja na umwombe aeleze kwa nini sehemu zilizobaki hazikuungua.

Sita, kipimo. Fundi akipima kwa mega ya volti 500 kati ya koili na chuma cha mwili wa mota, usomaji usiwe chini ya megaomu 1. Ukiwa chini ya hapo umeme unavuja, na mashine hiyo isirudi kwenye nyasi hata kama inazunguka vizuri. Mashine inayozunguka vizuri huku inavuja ndiyo hatari kuliko iliyokufa.

WAYA ULINUNULIWA NA NANI?

Katika bustani ile ile ya mwenzetu kulikuwa na mashine ya pili, nayo ilikuwa imeungua kweli. Koili zote zilikuwa nyeusi kwa usawa. Msimamizi alidhani hapo amepata ushindi. Lakini fundi wetu hakuishia kwenye mota. Aliufuata waya.

Akakuta kwamba kutoka ukutani mpaka mwisho wa bustani kulikuwa na ralonji mbili zilizounganishwa, kila moja mita 30, za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, waya wa kufaa taa na redio. Sasa tufanye hesabu pamoja, maana hesabu ni silaha ya mnyonge. Mashine ya wati 1,600 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 7. Waya huo wa mita 60, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 2.75. Zidisha kwa ampea 7, unapata volti 19. Hizo volti 19 hazifiki kwenye mota. Zinapotea njiani, zikipasha waya joto. Kwa waya wa milimita 1.5 hasara ingekuwa nusu yake.

Na hizo ni hesabu za siku nzuri. Siku ambayo umeme wa ukutani umeshuka mpaka volti 205, mota ile inabaki na volti 185 hivi. Nguvu ya kuzungusha ya mota isiyo na kaboni hushuka kwa mraba wa volti, si kwa volti tu. Kwa volti 185 mahali pa 230, mota inabaki na karibu theluthi mbili tu ya nguvu zake. Nyasi haziwi laini zaidi kwa sababu umeme umepungua. Mota inajikokota, inavuta ampea zaidi, inapata joto. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Tunauliza: ralonji zile zilinunuliwa na nani? Mtunza bustani hana sanduku la pesa la hoteli. Alipewa waya, akaambiwa akate nyasi.

Yako na mambo ya mahali petu penyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai ya milimani yako juu zaidi. Mota za kawaida za viwandani hupimwa kwa kazi ya mahali pasipozidi mita 1,000. Ukipanda juu, hewa huwa nyepesi na hupoza kidogo kuliko chini. Tuwe wakweli: ubaridi wa Gisenyi hufidia sehemu ya upungufu huo, kwa maana vipimo hivyo huwekwa kwa hewa ya joto la nyuzi 40, na sisi hatufiki huko. Lakini akiba hiyo ndogo huliwa yote mtu anapomnunulia mfanyakazi mashine ndogo kuliko kazi, au waya mwembamba kuliko mashine.

Tena udongo wetu ni wa volkano. Mawe ya Nyiragongo yamo chini ya nyasi zetu, na kisu kikigonga jiwe, pigo hilo hupanda mpaka kwenye beringi. Anayewajibika kuondoa mawe, au kumpa mtunza bustani saa ya kuyaokota kabla ya kukata, ni yule anayepanga kazi.

MAMBO NI YALE YALE KIWANDANI

Sasa tuwarudie wenzetu wa viwandani na wa chai. Gisenyi ni mji wa mashine tangu zamani. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa mwaka 1957, na tangu mwaka 1963 gesi ya methani iliyotolewa ziwani pale Rubona ilitumika kuchemshia mitambo yake. Babu zetu walifanya kazi na mota kabla wengi wetu hatujazaliwa. Chai nayo haiwezi kunyauka, kusagwa wala kukaushwa bila feni na mota.

Mota kubwa za kiwandani ni za fezi tatu. Adui wake mkubwa ni kukatika kwa fezi moja: fyuzi moja inaungua, au mguu mmoja wa kontakta umelika, na mota inaendelea kujikokota kwa fezi mbili zilizobaki. Mendeshaji aliye mbele ya mashine anasikia tu mlio umebadilika, na pengine kelele za kiwanda hazimwachii asikie hata huo. Baada ya muda moshi hutoka, na yeye ndiye anayeitwa ofisini.

Lakini fungua mota uone. Ikiwa imefungwa kwa mtindo wa nyota, utakuta koili za fezi mbili zimeungua na za fezi ya tatu ni safi. Ikiwa imefungwa kwa mtindo wa pembetatu, utakuta za fezi moja zimeungua na za mbili ni safi. Alama hiyo ni kama sahihi ya mtu kwenye barua. Haisemi "mendeshaji mzembe". Inasema "fezi moja ilikatika, na ovaloadi iliyopaswa kuzima mota haikuzima". Basi ulizeni ovaloadi ilipimwa lini na nani aliiweka. Mara nyingine mtaambiwa kwamba ilipandishwa kiwango chake kwa sababu "ilikuwa inasumbua, inazima zima." Ilikuwa haisumbui. Ilikuwa inalia.

Tusisahau maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika magharibi na kaskazini ya nchi yetu. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika, ukaingia nyumbani mwa watu na mahali pa kazi. Katika misiba kama hiyo roho za watu huja kwanza, na mashine baadaye. Lakini baada ya kuzika na kusafisha matope, hufika siku mtu anasema, "Washa tuone kama inafanya kazi." Hapo ndipo mota iliyoweza kupona huuawa, na mtu wa kuwasha huweza kuuawa nayo. Mota iliyozama haiwashwi kwa majaribio. Hufunguliwa, huoshwa matope kwa maji safi, hukaushwa polepole mpaka unyevu uishe, beringi zake hubadilishwa au kutiwa grisi mpya, kisha hupimwa kwa mega. Ikipita ndipo iwashwe. Mfanyakazi anayekataa kuwasha mota iliyotoka majini si mvivu. Anailinda mali ya mwajiri kuliko yule anayemwamuru.

NA SISI TUNA MAKOSA YETU

Chama kinachowatetea wanachama kwa kuficha makosa yao hakidumu, na wala hakiaminiwi. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba uchunguzi hukata pande zote mbili.

Wapo kati yetu wanaoosha tondezi kwa mpira wa maji, maji yakaingia moja kwa moja kwenye mota. Wapo wanaoziba matundu ya hewa kwa kitambaa ili vumbi lisiingie, wasijue kwamba wanaifunga mota pumzi. Wapo wanaoacha ralonji imezungushwa kwenye gurudumu lake huku ikitumika, waya ukajipasha joto mpaka plastiki ikayeyuka. Wapo wanaovuta mashine kwa waya kama mbuzi. Wapo wanaokata nyasi zilizofika magotini kwa mpito mmoja, ili wamalize mapema, badala ya kupunguza kwanza kwa kisu kilichoinuliwa juu na kurudia kwa kisu cha chini. Na wapo, tusikatae, wanaosikia harufu wakaendelea, wakisema, "Acha nimalize hii kona."

Makosa hayo tuyaache. Lakini tutofautishe kosa la mtu aliyefundishwa akapuuza na kosa la mtu ambaye hakufundishwa kamwe. Kijitabu cha maelezo huja ndani ya boksi pamoja na mashine, kwa lugha za mbali, na mara nyingi hubaki ofisini. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi katika Rwanda tangu mwaka 2017, na Kinyarwanda ni lugha ya kila mtu hapa. Hakuna sababu ya mtunza bustani kupewa mashine kwa ishara za mikono.

Kuna kosa moja kubwa kuliko yote, nalo ni kukata nyasi zilizolowa kwa mashine ya umeme. Tunajua mara nyingi si hiari. Mvua imenyesha alfajiri, wageni wanafika saa sita, msimamizi anataka bustani iwe safi. Lakini waya uliochubuka juu ya nyasi zenye maji ni mtego wa kifo. Mashine zote za bustani zipite kwenye swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Swichi hiyo si anasa. Mota hupelekwa kwa fundi ikasukwa upya, au ikabobinwa kama wasemavyo wenzetu wa Goma. Mtu hasukwi upya.

TUNACHODAI

Madai yetu ni machache, na hakuna hata moja litakalomfilisi mwajiri. Kinyume chake, yatamwokolea pesa, kwa sababu anayetupa mota nzima kwa ajili ya kapasita anajiibia mwenyewe.

Kwanza, mota yoyote ikifa, ifunguliwe na fundi anayejua, mbele ya mfanyakazi aliyekuwa akiitumia na mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Fundi aandike alichokiona: hali ya koili, kaboni, kapasita, beringi na waya, pamoja na usomaji wa mega na volti zilizofika kwenye mashine. Karatasi hiyo isainiwe, na nakala abaki nayo mfanyakazi.

Pili, kabla ya karatasi hiyo kuandikwa, mshahara usiguswe. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba ujira hauwezi kukatwa ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba wafanyakazi wajulishwe masharti hayo. Pua ya msimamizi haimo katika orodha hiyo.

Tatu, kila mashine iwe na daftari lake: siku iliyoanza kazi, siku kisu kiliponolewa, siku kaboni zilipobadilishwa, na kila taarifa ya hitilafu pamoja na jina la aliyeipokea. Mfanyakazi akisema tarehe 4 kwamba mota inanuka na hakuna aliyefanya lolote, mota ikiungua tarehe 20 daftari ndilo litakalosema. Mahali pasipo na daftari la mwajiri, tuandike letu. Daftari la shule na kalamu ya wino vinatosha.

Nne, mwajiri anunue waya unaolingana na mashine na urefu wa bustani, pamoja na swichi ya kinga. Vifaa vya kazi ni mzigo wa mwenye kazi.

Tano, mfanyakazi awe na haki ya kuzima mashine anaposikia harufu au mlio usio wa kawaida, bila kuhesabiwa kuwa ameacha kazi.

Na mgogoro ukitokea, tusikimbilie kupigana wala kuacha kazi kwa hasira. Sheria ya kazi ya Rwanda Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inawatambua wawakilishi wa wafanyakazi na kuwapa jukumu la kusuluhisha kwanza mgogoro kati ya mfanyakazi mmoja na mwajiri wake. Wakishindwa, jambo hupelekwa kwa inspekta wa kazi wa wilaya. Nendeni huko mkiwa na karatasi ya fundi mkononi, na kama mota bado ipo, nendeni nayo. Mota iliyofunguliwa ni shahidi asiyeogopa mtu.

Kwa hiyo mtunza bustani, usikubali mashine iliyokufa itupwe kabla haijachunguzwa. Ukiitupa, umetupa utetezi wako. Mendeshaji wa feni, jifunze mlio wa mota yako siku ikiwa nzima, ili uutambue siku ikiugua. Na mafundi umeme, ambao ni wanachama kama sisi, mna deni: wafundisheni wenzenu, nusu saa baada ya kazi, kwa mota mbovu iliyowekwa juu ya meza. Mwenzetu yule wa bustanini sasa ndiye anayewaonyesha vijana wapya kapasita iko wapi. Mshahara wake wa mwezi uliopita ulitoka wote.

Umoja ni nguvu, na ujuzi ni nguvu ya pili.